Kuishi Karibu, Kuwa Jirani

Serikali inaweza kuamua nani apewe nyumba wapi. Je, inaweza kuamua nani amjulie hali nani? Kila sera inayokusudia kuchanganya watu mjini inabeba swali hili, hata pale inapozungumzia idadi ya nyumba tu.

Tutazame Dar es Salaam. Chini ya Waingereza mji uligawanywa kwa rangi: Wazungu Oysterbay, Wahindi Upanga na katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala. Mwaka 1971 serikali huru ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Watu waliotenganishwa na ukoloni wakaanza kupanda ngazi moja. Mpaka wa kale ulivunjwa. Lakini kuvunja mpaka ni kitu kimoja, na kujenga ujirani ni kitu kingine.

Basi tupambanue. Mchanganyiko ni hali ya watu wa vipato, asili na imani mbalimbali kuishi mtaa mmoja. Mshikamano ni mazoea ya kuihesabu shida ya mwenzako kuwa inakuhusu. Ule wa kwanza waweza kuuona kwenye ramani. Huu wa pili hujulikana siku ya msiba. Singapore, tangu mwaka 1989, imeweka viwango vya jamii mbalimbali katika kila jengo la makazi ya umma. Hatua hiyo huzuia mitaa ya jamii moja, nalo si jambo dogo. Ila sheria humfikisha mtu mlangoni kwa jirani. Kubisha hodi ni juu yake.

Ni nini basi kinachomfanya abishe hodi? Jibu la haraka ni uhitaji. Katika nyumba ya Uswahilini, vyumba vinatazamana, uani ni mmoja, choo kimoja, na umeme wa LUKU hununuliwa kwa kuchangiana. Watu hujuana kwa sababu hawana namna ya kutojuana. Hata hivyo tusiusifu ufukara kwa ajili ya matunda yake. Uani huo huo huzaa ugomvi, na mama anayesubiri zamu ya choo alfajiri anataka choo chake, hataki sifa zetu.

Twende ndani zaidi. Je, utajiri huondoa uhitaji? Nadhani huuficha tu. Mwenye uwezo huchimba kisima, huweka jenereta, huajiri mlinzi, hupeleka watoto shule ya mbali. Bado anawategemea watu, ila sasa anawalipa, na malipo humruhusu asijue majina yao. Hapo ndipo utengano wa kweli ulipo. Watu wawili waweza kupakana ukuta kwa ukuta, kila mmoja akiwa na maji yake na shule yake, wasiwe na jambo lolote linalowaumiza wote wawili.

Kama ni hivyo, lengo la mchanganyiko ni kuwapa watu mambo ya kushiriki, ili shida ya asiye na sauti iwe pia shida ya mwenye sauti. Urafiki ukija, ni neema. Kinachodaiwa ni haki. Na haki hiyo ina sharti: maskini asiwe mgeni katika mtaa unaoboreshwa. Kodi ikipanda mpaka akahama, kilichobaki si mchanganyiko tena. Huko Magomeni Kota, Dar es Salaam, maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022 yalitengwa kwa kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale kabla ya nyumba za zamani kubomolewa. Uamuzi huo ulikiri kwamba wakazi nao ni sehemu ya thamani ya mahali.

Kwa hiyo hesabu ya nani anaishi wapi haitoshi kuipima sera ya makazi. Tuulize pia: bomba la mtaa likikauka, litamkaukia nani? Likiwakaukia wote, watakuwa na sababu ya kutafutana.