Kivuli cha Kibatari



Unakikumbuka kibatari cha kwa bibi? Utambi mdogo, moshi mwingi, na ukutani kivuli cha mkono wako, kikubwa kuliko wewe mwenyewe. Ukikunja kidole, fisi anafunga mdomo. Uliogopa. Ukakunja tena.

Palikuwa na mwalimu wa kuchora kule London, Mervyn Peake. Darasani alifundisha kuchora mwili wa binadamu. Nje ya darasa aliandika hadithi za kutisha, za kasri lenye giza na watu wa ajabu. Kalamu iliandika, kalamu ikachora. Daftari zake zina sura pembeni mwa maneno: pua ndefu, mgongo uliopinda, jicho linalokukodolea. Fisi wa ukutani, hao.

Kisha mwaka 1945 akatumwa Ujerumani, akaingia kambi ya mateso ya Wanazi ya Belsen na penseli yake. Humo hamkuwa na hadithi. Alimkuta msichana mgonjwa, anakata roho. Akamchora. Halafu akaandika shairi la kujihoji: vipi jicho lake lilitafuta picha mbele ya mtu anayekufa?

Mimi humpendea hapo, kuliko kwenye kasri lake lote.

Leo kazini yupo utakayemtazama kama kazi tu. Mgonjwa kwenye foleni. Mtoto wa dawati la nyuma. Mteja mwenye kelele. Mtazame. Sogeza kibatari karibu, umtazame tena.