Jina la mende ni la nani?

Mende mkubwa mwekundu anayetoka chooni usiku, ambaye hata hapa Puge humfanya mtu mzima aokote kandambili, ana jina rasmi: Periplaneta americana. Neno hilo la pili, la kumwita mwenyeji wa Amerika, alipewa na Linnaeus wa Sweden mwaka 1758. Leo wataalamu wengi wanaona asili yake ni Afrika, na kwamba huko alifika kwa meli za biashara. Hata hivyo jina halibadiliki. Kanuni za kimataifa zinalinda jina lililochapishwa kwanza kwa utaratibu, hata likiwa linasema uongo.

Najiuliza: kumpa kiumbe jina ni kumjua, au ni kumtia mkononi?

Tazama kazi yenyewe. Mdudu huuawa, hukaushwa, huchomwa pini. Rangi na mabawa vinaweza kudanganya, kwa hiyo mtaalamu humpasua dume na kuchunguza viungo vyake vya uzazi kwa hadubini, kisha humlinganisha na waliohifadhiwa makumbusho. Akiridhika kwamba ni spishi mpya, huandika maelezo na kuchagua mmoja awe kielelezo. Tangu hapo, ubishi wowote kuhusu spishi hiyo utaamuliwa kwa kumrejea maiti huyo mmoja.

Unyamwezi tunaijua biashara hii kwa upande wa mabega. Mwaka 1880 Mjerumani Richard Böhm alifika Tabora, akakusanya ndege na wanyama maeneo ya Kakoma na Igonda. Alifariki mwaka 1884 huko Katanga. Vielelezo vyake vilikwenda Berlin, na leo kuna pundamilia, kerem na teleka mwenye mkia mfupi wanaobeba jina lake. Wapagazi waliobeba masanduku, na wenyeji waliojua ndege yupi hulala kwenye mti upi, hawamo katika Kilatini hicho. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Hapo mwenyeji alipona nini?

Mtu anaweza kujibu kwamba basi kazi hii haina maana, kwa kuwa babu zetu waliwajua viumbe hao kabla ya Berlin. Sikubaliani naye. Babu alijua mdudu anapojificha na msimu anaotoka. Hakuwa na njia ya kujua kama ni yule yule wa misitu ya Kongo au ni mwingine asiyepatikana popote ila hapa. Ni elimu mbili, na moja haifuti nyingine. Dhuluma ni pale moja inapoandikwa kana kwamba nyingine haikuwepo.

Tena kuna jambo linalonisukuma upande wa majina. Duniani zimeshaelezwa spishi za mende zaidi ya 4,000, na zinazoishi na binadamu majumbani ni kama 30 tu. Wengine wako porini, chini ya majani makavu na magogo yanayooza, wakisaidia kuyarudisha kuwa udongo. Mkoani Tabora miombo hukatwa kwa mashamba, kwa mkaa na kwa kuni za kukaushia tumbaku. Kiumbe asiye na jina ni nadra kuingia katika orodha ya walio hatarini. Akitoweka, hakuna atakayeweza hata kusema ni nani aliyetoweka.

Kwa hiyo nasema wapewe majina, lakini nasema pia kwamba anayeua ili ajue anabeba deni ambalo mwenye kandambili halibebi. Mwenye kandambili anataka jikoni kuwe safi, basi. Mtaalamu ametwaa uhai kwa ahadi ya ukweli, na lazima ailipe: maelezo yawe sahihi, mahali alipotolewa mdudu paandikwe kwa jina lake, aliyemwonyesha njia atajwe, na vielelezo vingine vibaki nchini ili mwanafunzi wa Nzega asihitaji viza kwenda kumwona mdudu wa kwao.

Mende hadai chochote katika haya. Hajui kama anaitwa wa Amerika au wa Puge. Lakini uongo hauwi halali kwa sababu anayesingiziwa hana masikio. Deni ni letu, na tunadaiwa zaidi tunapomwandika kiumbe ambaye hakuna mtu atakayekuja kumtetea.