Mlima wa Kujitakia

Kisiwa cha Mombasa hakina mlima. Kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mtu aweza kuondoka Ngomeni, akazipita chochoro za Mji wa Kale na maduka ya Langoni hata akafika Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914 na kupewa jina la Sir William Mackinnon, mwasisi wa ile kampuni ya Waingereza iliyoitawala pwani hii kabla ya serikali yao, asihisi magotini mwake kwamba amepanda popote wala kwamba ameshuka popote. Walakini katika mitaa hii hii hawakosekani vijana wanaozitamani baiskeli zilizobuniwa makusudi kwa ajili ya milima, zenye matairi mapana ya meno, gia za kupandia na foki ya mbele yenye springi, nao huweka akiba muda mrefu ili wazipate. Suali linalonishughulisha ni hili: je, yamfalia mwenye akili timamu, aliyejaaliwa na Mola wake njia iliyo sawa, kwenda kutafuta taabu ambayo hakukalifishwa nayo, tena akaigharimia?

Wako wanaodhani kwamba suali hili hujibiwa kwa kuuangalia uhalali wa chombo. Halijibiwi hivyo. Katika Sura ya Nyuki, aya ya 8, farasi, nyumbu na punda wametajwa kuwa ni vipando na papo hapo kuwa ni pambo, kisha ikaelezwa kwamba Mwenyezi Mungu huumba na vingine ambavyo wasikilizaji hawakuvijua. Na wafasiri wengi wa zama zetu, wafikapo hapo, huingiza magari, meli na ndege, wala sioni sababu ya baiskeli kuachwa nje ya mlango. Haja na pambo zimewekwa katika aya moja, nami hulikumbuka jambo hilo kila nisikiapo mtu akihukumu kwamba kila kisicho cha lazima ni upuuzi. Shaka yangu haimo katika kipando. Imo katika taabu.

Shaka hiyo ilinikaa vizuri akilini nilipokuwa ubavuni mwa soko, ambapo hamali mmoja alikuwa ameegemea mkokoteni wake baada ya kushusha magunia ya vitunguu. Nilimweleza kwamba wako vijana watokao kisiwani alfajiri na baiskeli zao, wakavuka kwa feri ya Likoni, wakaifuata njia ya kusini hadi Kombani, wakageuka kulia na kuupanda mwinuko wa Golini hata Kwale, kisha wakaziacha lami na magari na kuingia katika vijia vya mchanga na mawe.

"Kuna mzigo wanaoufuata huko?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi nani huwalipa?"

"Hawalipwi, ndugu yangu. Wao ndio walipao."

Akautazama mkokoteni, akanitazama na mimi. "Hiyo si kazi, shehe," akasema. "Hiyo ni nadhiri."

Sidhani kwamba mwanachuoni yeyote angelipata neno bora la kuliweka jambo mahali pake kuliko hilo. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa habari ya mtu aitwaye Abu Israil, ambaye Mtume (s.a.w.), akiwa katika kuhutubu, alimwona amesimama, akauliza habari zake, akaambiwa kwamba ameweka nadhiri ya kusimama asikae, asijitie kivulini, asiseme na mtu, na afunge. Mtume akaamuru aambiwe aseme, aingie kivulini, akae kitako, na saumu yake aitimize. Taabu nne zilikuwa zimefungwa fundo moja. Tatu zikafunguliwa na kutupwa, moja ikabakizwa, na hiyo iliyobakizwa haikuwa nyepesi kuliko zile nyingine. Kwa hiyo kipimo hakikuwa uzito wala wepesi. Jua halimfunzi mtu lolote kwa kumchoma tu, ilhali saumu ina mahali impelekapo mwenye kufunga.

Karne nyingi baadaye Abu Ishaq al-Shatibi wa Gharnata, aliyefariki mwaka 790 wa Hijra, sawa na 1388 wa Miladi, aliitia tofauti hiyo katika utaratibu wa ilimu ndani ya kitabu chake al-Muwafaqat, akabainisha kwamba mja hana ruhusa ya kuikusudia taabu kwa kuwa ni taabu, akitaraji malipo kwa uzito wake, lakini aweza kukikusudia kitendo ambacho malipo yake ni makubwa kwa kuwa taabu yake ni kubwa. Maneno hayo yalisemwa juu ya ibada, nami sitaki kuyavisha mchezo joho lisilo lake. Hata hivyo yatufaa. Anayeupanda mwinuko wa Golini ili apigwe picha akihema yumo juani pamoja na Abu Israil. Anayeupanda kwa sababu pumzi, nguvu, suhuba ya wenziwe na ule upepo wa juu havipatikani kwa njia nyingine, huyo taabu kwake ni bei, na bei hailipwi kwa kupendwa.

Lakini hamali hakuuliza juu ya hayo. Nyuma ya neno lake palikuwa na lawama ambayo haifai kuifunika kwa nukuu za wanavyuoni: kwamba taabu ya kujitakia ni anasa ya walioepushwa na taabu ya kulazimishwa. Yeye husukuma tangu alfajiri, na hakuna aliyemtaka idhini. Kijana wa baiskeli ana jambo moja ambalo yeye hana, nalo ni uwezo wa kusimama. Akichoka nusu ya mlima hushuka, akaketi chini ya mwembe, asipungukiwe na chakula cha usiku. Na baiskeli moja mpya ya fahari kutoka ng'ambo yaweza kumeza chumo la hamali la miezi mingi. Mtu akilisikia hilo asishtuke, sijui moyo wake umefanywa kwa nini.

Nimelizingatia sana, na linalonizuia nisihukumu kwamba mchezo huu ni dharau kwa maskini ni jambo ambalo kila mtu wa mji huu amelishuhudia: wachukuzi hao hao, jua likipunga, huvua viatu wakacheza mpira hata jasho likawatoka upya. Mtu aliyesukuma mizigo mchana kutwa, ambaye kwa hesabu ya mwili angestahili kulala, huenda akajichosha tena kwa hiari yake. Kwa nini? Naona ni kwa sababu uchovu wa mchana ulikuwa wa mwenye magunia, na ule wa jioni ni wake mwenyewe. Mwanadamu anayo kiu ya kuchoka kwa amri yake. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufananisha mwili na kipando cha roho, kinachohitaji kulishwa na kutunzwa ili kimfikishe mpandaji aendako; na kipando kisichowahi kuongozwa na mwenyewe, ila na tajiri au na uvivu, mwishowe humsahau bwana wake. Ghazali huyu huyu, katika Ihya, aliagiza kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza, maana kumnyima mchezo huuua moyo wake. Wakali wa siku hizi husoma kurasa nyingine.

Hapo ndipo linapoingia shauri la kuchagua baiskeli, ambalo mpwa wangu aliniletea akidhani ni suali la duka. "Mjomba," aliniambia, "nichukue yenye springi mbele na nyuma, au ya mbele tu yatosha?" Nami nilimjibu kwa kanuni ambayo tangu siku ile sijaona sababu ya kuibadili: chagua chombo kitakachokuachia taabu uliyoikusudia, kikuondolee usiyoikusudia. Mwinuko umeukusudia, mgongo kuuma kwa sababu fremu si ya kimo chako, hukuukusudia. Basi simama, baiskeli i baina ya miguu yako na nyayo zako zote mbili zi chini, na pabakie nafasi ya vidole kadhaa juu ya bomba la fremu. Kisha kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu ukinyooka bila nyonga kuinama, kimo cha kiti ni hicho. Kijana mrefu aliyenunua fremu fupi kwa sababu rangi yake ilimpendeza atajuta kabla hajafika Ng'ombeni.

Kushuka umekusudia pia, ama kushuka bila breki hukukusudia. Breki za raba zinazobana rimu zafaa mjini, lakini katika mteremko mrefu, matope yakiingia, hupungukiwa na nguvu, na za diski huzishinda. Gia usizihesabu kwa wingi wake. Angalia kama iko moja nyepesi ya kutosha kukupandisha ukiwa umeketi, yaani sahani ndogo mbele na kubwa nyuma, maana baiskeli ya gia 21 yaweza kukosa hiyo moja unayoihitaji. Na kuhusu springi, kwa mwenye kuanza ya mbele yatosha. Za nyuma zilizo nzuri ni ghali na zataka fundi mjuzi, na za rahisi hudundadunda tu, zikazila nguvu za miguu ambazo zingelisukuma gurudumu, hata mtu akawa analipa kwa jasho kitu ambacho hakimpeleki popote. Ukinunua iliyokwisha kutumika, katika zile zinazoshushwa bandarini kwa makontena, pitisha kidole katika maungio ya fremu ukitafuta ufa, zungusha magurudumu uone kama yanapepesuka, na uliza kama spea za magurudumu ya inchi 26, 27.5 au 29, kadiri yalivyo, zapatikana kwa fundi wa mtaani kwako. Chumvi ya pwani yetu haina huruma na mnyororo. Asiyeufuta na kuutia mafuta atasikia kilio chake kabla ya mvua za masika.

Mpwa wangu alitaka jina la kampuni, akaudhika kidogo nilipomnyima. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, alitumia gazeti lake la Sahifa la mwaka 1930 na lile la al-Islah la mwaka 1932 kuwaonya watu wa pwani juu ya kuwaiga wageni katika mavazi na mwenendo na kuyaacha maarifa yao yenye manufaa, na onyo hilo halijachakaa. Maarifa ya mchezo huu hayakuanza katika duka. Vijana wa Marin, California, walioshindana kuteremka mlima mwaka 1976 katika njia waliyoiita Repack, walipanda baiskeli nzito za zamani, ndugu wa hizi Black Mamba zetu, zenye breki ya ndani ya kitovu cha gurudumu iliyopata moto hata grisi ikaungua, ikawa lazima itiwe upya kila baada ya kushuka. Ndiyo asili ya jina. Fremu zilizotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo alizifanya Joe Breeze mwaka 1977, na mchezo haukuingia katika Olimpiki mpaka mwaka 1996. Na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, utotoni mwake alijifunza katika baiskeli ya milimani, akiwafuata David Kinjah na vijana wake huko Kikuyu, ambako fahari ya vyombo haikuwako.

Yako mambo mawili ambayo hiari haiyahalalishi. La kwanza ni kuitupa nafsi katika maangamizi: Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na miongoni mwa wapanda baiskeli bora wa Kenya, alifariki mwezi wa Agosti 2022 katika mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani, naye alikuwa mjuzi; asiye mjuzi akikataa kofia ngumu kwa sababu humharibia nywele, huyo hana hoja ya kujadiliwa. La pili ni adabu ya ardhi. Njia za nyuma ya Mombasa, upande wa Rabai, hupita karibu na makaya ya Wamijikenda, misitu mitukufu ambayo mwaka 2008 baadhi yake iliingizwa katika urithi wa dunia, na wazee wake wana miiko ya kuingia. Kivuli cha kaya chapendeza, na kijia chake chaonekana kama kilitengenezwa kwa tairi. Hakikutengenezwa kwa tairi. Muislamu asiyetaka msikiti wake uingiwe na viatu hahitaji kuelezwa zaidi.

Limebakia suali la baiskeli zenye mota ya umeme, ambalo mpwa wangu alilileta mwisho, kama mtu aliyeificha karata yake. Nina rai mbili, wala hazigombani. Mchuuzi wa madafu anayevuka daraja la Nyali na mzigo nyuma ya Black Mamba, miguu ikitetemeka, hakuutaka mwinuko ule, na lau ningekuwa na mali ningempa mota hiyo kesho asubuhi, na hamali wa Marikiti ningemtafutia ya kufungwa katika mkokoteni wake. Ama mpwa wangu, mwenye miaka ishirini na magoti mazima, nilimwambia angoje mpaka awe na magoti yangu.