Mji Huhuishwa kwa Ajili ya Nani? Sanaa na Ukumbusho katika Lubumbashi

Aghalabu hudaiwa kwamba sanaa ina uwezo wa kuufufua mji uliopoteza viwanda vyake. Mfano unaorejelewa sana ni Bilbao, mji wa chuma na meli nchini Uhispania, ambako jumba la makumbusho la Guggenheim lilifunguliwa mwaka 1997 kando ya mto Nervión na watalii wakamiminika. Hatukusudii kuyakana mafanikio hayo. Swali letu ni la kimaadili: mji unaposemekana umehuika, ni nani hasa aliyehuika? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea Lubumbashi, mji wa shaba katika Kongo ambao wakazi wake huzungumza Kiswahili.

Wabelgiji waliuanzisha mji huo mwaka 1910, wakauita Élisabethville. Kampuni ya Union Minière, ambayo baada ya kutaifishwa ilikuja kuitwa Gécamines, haikumlipa mfanyakazi mshahara tu. Ilimpa pia nyumba, matibabu, unga na shule ya wanawe. Ulezi huo ulikuwa pia utawala, na hatimaye uliporomoka. Uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Mnamo 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia.

Sanaa ya mji huu haikungoja anguko hilo. Katika miaka ya 1970, wachoraji kama Tshibumba Kanda Matulu waliuza picha kwa bei nafuu, nazo zikatundikwa sebuleni mwa wafanyakazi wenyewe: kiboko cha mkoloni, Lumumba kizuizini, dohani la kiwanda. Tshibumba alichora historia ya nchi yake katika picha takriban 100, akamfafanulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili. Mazungumzo hayo yalichapishwa mwaka 1996.

Neno lililotumiwa kuzieleza picha hizo ni ukumbusho. Tuzingatie umbo lake. Nomino hii haitokani na kumbuka bali na kumbusha, kitenzi kilicho katika kauli ya kutendesha. Kukumbuka mtu huweza akiwa peke yake. Kukumbusha kunahitaji wa pili, na mara nyingi wa pili huyo ni mdaiwa. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliiendeleza kazi hiyo mwaka 2006 alipowapachika vibarua wa picha za kikoloni juu ya magofu ya Gécamines. Miaka miwili baadaye, yeye na wenzake waliasisi kituo cha sanaa na maonyesho waliyoyapa jina la Kiswahili, Picha.

Huenda mhakiki akatukumbusha kwamba mstaafu asiyelipwa hawezi kula picha. Hoja hiyo ni ya haki, nasi tunaikubali. Tena shaba ilirejea: baada ya sheria ya madini ya mwaka 2002, kampuni za kigeni ziliingia na uzalishaji ukapanda kuliko zamani. Hayakuwa matunda ya sanaa. Lakini hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Ikiwa uchumi unaweza kufufuka huku aliyeujenga mji akisahauliwa, basi uchumi peke yake si kipimo cha uhai wa mji. Na anayeidai sanaa ilete watalii kabla ya kuithamini, huitwika deni la serikali na la kampuni, kisha huilaumu isipolilipa.

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jumba la fahari ni mlango. Tunaamini kwamba mji huhuika pale wenyeji wake wanapokuwa wasimuliaji wa historia yao, wala si mandhari ya simulizi za wengine. Sanaa haiwezi kumrudishia mfanyakazi mshahara wake; huweza, hata hivyo, kumzuia aliyemnyima asidai kwamba hakuwahi kumwona.