Wimbo na Mwenyewe

Watu ambao vitabu vya zamani viliwaita Wakwakiutl, nao wenyewe hujiita Kwakwaka'wakw, yaani wasemao lugha ya Kwak'wala, wana desturi ambayo mpenda ushairi hawezi kuipita bila kusita. Kwao wimbo ni mali. Mali hasa, kama shamba lenye mipaka. Hurithiwa, baba mkwe humkabidhi mume wa bintiye, na asiye na haki nao hauimbi, hata akiwa anaujua neno kwa neno.

Je, ni haki kuufungia wimbo mlango? Sauti haipungui kwa kusikiwa na wengi, na mwenye choyo cha chakula ana udhuru kuliko mwenye choyo cha utenzi.

Ila tuutazame usiku wenyewe. Kule Alert Bay, kisiwani, pwani ya magharibi ya Kanada, moto hukokwa katikati ya nyumba kubwa ya mwerezi, juu ya sakafu ya udongo. Waimbaji huketi nyuma ya gogo refu, wakilipiga kwa fimbo. Mchezaji wa Hamatsa huingia kwa ukali wa aliyepagawa na pepo mla watu, na nyimbo ndizo zinazomrejesha katika utu wake, kidogo kidogo. Vinyago vya ndege wenye midomo mirefu ya mbao hufunguka na kufumba kwa kishindo. Baadaye huja ngoma ya amani, na manyoya laini ya tai hupepea kutoka katika taji la mchezaji. Kisha mwenyeji huwagawia wageni mali. Hiyo si takrima tu. Ni ujira: mgeni amelipwa kwa kushuhudia, na siku haki ya wimbo itakapobishaniwa, atadaiwa ushahidi wake.

Serikali ya Kanada iliipiga marufuku sherehe hii, potlachi, kwa sheria ya mwaka 1884, na marufuku hayo hayakuondoka hadi 1951. Desemba 1921 Dan Cranmer aliwaalika watu Village Island. Watu 45 wakashtakiwa, na miongoni mwa makosa yao ni kuhutubia, kucheza na kupeleka zawadi. Wapatao 20 walifungwa. Vinyago vikatawanywa katika majumba ya makumbusho, na ni mwaka 1980 tu ndipo jumba la U'mista lilipofunguliwa Alert Bay kuvipokea vilivyorejeshwa.

Nyimbo hazikuweza kutiwa sandukuni. Yamkini ziliokoka kwa kuwa kila mmoja ulikuwa na nyumba iliyoona aibu kuupoteza. Wimbo wa wote, nani angeulilia?

Limebaki suala la msikilizaji wa mbali. Tangu 1893, Franz Boas aliponasa nyimbo hizo kwa mitungi ya nta huko Chicago, zimesikiwa na wasioalikwa wala kulipwa. Huyo si mwizi, lakini amekwishakuwa shahidi, na shahidi hana ruhusa ya kusema kuwa wimbo hauna mwenyewe. Mshairi wa pwani atiaye jina lake katika beti la tamati analielewa dai hili vyema.

Mwaka 1953, katika mji wa Victoria, Mungo Martin, mchongaji na mwimbaji, aliifungua kwa potlachi nyumba aliyoijenga mwenyewe. Aliwaita wageni mchana kweupe, zikachezwa ngoma zilizokuwa haki yake, kisha akawalipa mashahidi.