Mtoto Asiyetulia: Tunamhukumu kwa Lipi?



Ndugu zangu wanafunzi, nina deni kwa kijana mmoja wa Buyenzi. Nalitaja hapa kwa sababu nadhani wengi wetu tuna deni kama hilo bila kujijua.

Miaka sita iliyopita, wakati wa likizo kubwa, nilikuwa nikisaidia kusomesha watoto katika madrasa moja ya mtaani. Alikuwepo mvulana wa miaka tisa. Akifungua Juzuu Amma, macho yanamtoka kwenye ukurasa na kufuata pikipiki inayopita nje. Swali analijibu kabla halijaisha. Leo kapoteza kofia, kesho kalamu. Ukimtuma maji, anarudi baada ya nusu saa bila ndoo. Nilimkanya, nikamwaibisha mbele ya wenzake, na siku moja nikamchapa. Nikamwambia ana ukaidi wa shetani. Alilia akasema, "Ustadhi, mimi nilitaka kusikiliza." Nikaona ananidanganya. Haukupita mwezi, akaacha kuja.

Maneno yake yaliniachia swali: je, mtu anaweza kutaka jambo kwa moyo wake wote na bado asiliweze? Kama anaweza, basi tunamlaumu kwa lipi?

Nilipofika chuo kikuu nikasoma kuhusu hali ambayo madaktari wanaotumia Kifaransa huiita TDAH, na wa Kiingereza ADHD. Ni hali ya ubongo: mtu hushindwa kuongoza umakini wake, au kutuliza mwili wake, au kujizuia kabla ya kutenda, na wengine hushindwa yote matatu. Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara London kuhusu watoto wa aina hii. Aliona kuwa akili zao ni timamu, lakini hali yao akaieleza kama kasoro ya kujitawala kimaadili. Hata daktari, basi, alianza na lugha ya lawama. Leo inajulikana kwamba hali hii hurithiwa sana katika familia, na kwamba haisababishwi na malezi mabaya.

Dalili zake si siku moja ya utundu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka mtoto awe na dalili zisizopungua sita za kukosa umakini, au sita za kutotulia na kukurupuka, kwa miezi sita au zaidi. Kwa mwenye miaka 17 na kuendelea zinatosha tano. Baadhi ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na shuleni, na ziwe zinaharibu maisha yake kweli. Mtoto mtukutu kwa mwalimu mmoja tu, na kwingine kote ametulia, hahesabiwi.

Na si watoto peke yao. Kwa wengi hali hii hufuatana nao ukubwani, ila kurukaruka huhamia ndani. Tujitazame hapa chuoni. Yupo anayeanza kazi tatu na kumaliza nusu ya moja. Yupo anayesahau miadi aliyoiweka mwenyewe asubuhi, anayemkatiza kila mtu maneno kisha akajuta, anayeishi kwa kuchelewa. Wapo dada zetu ambao hawakuwahi kumsumbua mwalimu. Walikaa kimya, mawazo yako mbali, wakaitwa wavivu.

Sasa turudi kwenye hukumu. Hadithi mashuhuri ya kalamu inataja watatu wasioandikiwa: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka arudiwe na akili. Mtu mzima mwenye TDAH hayumo. Ana akili, na kalamu inamwandikia. Lakini mwisho wa Sura al-Baqara tunafundishwa kuwa mzigo wa kila nafsi umepimwa kwa uwezo wake, na uwezo wa watu katika kukumbuka na kutulia haulingani. Kwa hiyo yeye si mwendawazimu wa kuachwa wala si mkaidi wa kupigwa.

Wapo watakaosema, "Huu ni mlango wa visingizio. Mbona kwenye mpira anatulia saa mbili?" Swali ni la haki. Jibu ni kwamba umakini anao. Kinachomshinda ni kuupeleka anakotaka yeye. Mpira unauvuta wenyewe, hesabu haiuvuti. Mvivu huchagua raha na kuridhika nayo. Huyu hushindwa hata katika jambo analolipenda na kuliombea dua, kisha hujichukia.

Dini yetu inatuonyesha njia ya kati. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alisahau rakaa katika swala, na sharia ikaweka sijda ya kusahau: kosa likatengenezewa njia ya kulirekebisha. Sura hiyohiyo ya al-Baqara inaamrisha deni la muda liandikwe, haituambii tutegemee kumbukumbu. Adhana inatuita mara tano kwa siku. Mwenye hali hii, basi, asione haya kuandika kila kitu, kuweka kengele kwenye simu, kuomba rafiki amkumbushe. Huo ndio wajibu wake. Hatoandikiwa kuzaliwa na ubongo ule, lakini ataulizwa alifanya nini kuusaidia.

Na sisi tutaulizwa pia. Tusimpe kila mtoto jina la ugonjwa. Njaa, malaria, masikio yasiyosikia vizuri, usingizi mchache na hofu ya mambo aliyoyaona vinaweza kumfanya mtoto aonekane vilevile. Ndiyo maana apelekwe kwa mtaalamu. Hapa Bujumbura kuna kituo cha Kamenge kinachotibu maradhi ya akili na mishipa ya fahamu, na kuingia pale si aibu. Msaada upo: kuwafundisha wazazi namna ya kumwongoza, kazi fupifupi, kumkalisha mbele, na dawa pale daktari anapoona zinafaa.

Anas bin Malik (r.a.) alisimulia kwamba akiwa mtoto Mtume (s.a.w.) alimtuma, naye akakutana na watoto wanacheza sokoni. Mara akashikwa shingo kwa nyuma. Alipogeuka, akamwona Mtume anacheka, anamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Nikiikumbuka hadithi hiyo naiona ndoo yangu iliyosahaulika, na mkono wangu ulivyokuwa na fimbo badala ya kicheko.

Yule mvulana alikuwa na miaka tisa. Kalamu ya malaika ilikuwa bado haijaanza kumwandikia. Fimbo yangu ikaitangulia. Kama ana TDAH, mimi si daktari wa kusema. Hata kama hana, nilimwita mwongo bila ushahidi. Haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake, mpaka mwenyewe asamehe. Nimesikia siku hizi anajifunza ufundi wa magari jirani na soko la Ruvumera. Ijumaa hii baada ya swala nitakwenda kumwomba radhi. Akinisamehe, alhamdulillah. Akikataa, ni haki yake.

Wabillahi tawfiq.