Misa ya Mozart na Haki ya Mkono wa Pili

Mtu akifariki na kuacha nyumba iliyosimamishwa miti tu, kisha mwanafunzi wake akaja akaikandika na kuiezeka, nyumba ile tuiite ya nani? Wengi watajibu upesi kwamba ni ya marehemu, maana ndiye aliyepima kiwanja na kuchimba misingi. Lakini masika yakija na wenye nyumba wakalala pakavu, ni nani aliyewakinga na mvua? Na kama huyo mwanafunzi alipomaliza kazi aliandika mlangoni jina la bwana wake badala ya lake, je, alifanya tendo la heshima au alisema uongo?

Swali hili laihusu Misa ya Wafu ambayo Wolfgang Amadeus Mozart aliiacha mezani bila kumalizika alipofariki mjini Vienna tarehe 5 Desemba 1791, akiwa na umri wa miaka 35. Laihusu pia kazi ya wataalamu wachache ambao tangu katikati ya karne iliyopita wametoa vitabu vipya vya nota vya watunzi wakubwa wa zamani, kwa kuzirudia hati zilizoandikwa kwa mikono ya watunzi wenyewe. Kazi hiyo huonekana kuwa ya watu wa maktaba, wala haina makelele. Hata hivyo, ndani yake limo jambo limpasalo kila Mkristo kulitafakari, nalo ni haki tunayowawia watu wasioweza tena kujitetea.

Yafaa tuieleze habari yenyewe, maana ina wakosefu wengi, na karibu wote ni watu wa kuhurumiwa. Mwezi Februari 1791 alifariki Anna, mke kijana wa mtawala mmoja wa Austria, Franz von Walsegg. Mama huyo alikuwa na miaka 20 tu. Mume wake akataka iimbwe Misa ya kumkumbuka, akamtuma mjumbe kwa siri aende kwa Mozart. Akalipa nusu ya ujira kwanza. Nia yake haikuwa safi yote: alikuwa na desturi ya kununua nyimbo za wengine, kuzinakili kwa mkono wake, na kuziimbisha nyumbani kama kwamba amezitunga yeye. Basi hata kabla nota ya kwanza haijaandikwa, uongo ulikuwa umekwisha kuingia.

Mozart alifanya kazi kwa namna yake ya kawaida. Kwanza aliandika sauti za waimbaji na besi, na hapa na pale alama chache za fidla, akiacha mistari mingine mitupu ili aijaze baadaye. Alipokufa, wimbo wa kuanzia tu ndio uliokuwa kamili. Wimbo wa kuomba huruma ya Bwana, nyimbo za siku ya hukumu na zile za matoleo zilikuwa mifupa bila nyama. Wimbo wa machozi, ambao wengi huupenda kuliko zote, ulikoma baada ya vipimo 8, yaani vile vijumba vinavyotengwa kwa mistari ya wima. Nyimbo za Mtakatifu na Mwanakondoo wa Mungu hazikuwamo kabisa katika hati yake.

Mjane wake, Constanze, alibaki na watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka saba na mwingine mchanga wa miezi minne, pamoja na madeni. Kama angekiri kwamba Misa haikuisha, angeikosa nusu ya pili ya ujira, na pengine angedaiwa hata ile ya kwanza. Akamwomba Joseph Eybler aimalize. Huyo alijaza sehemu kadha, kisha akaiacha. Ndipo kazi ikamfikia Franz Xaver Süssmayr, kijana wa miaka 25 aliyekuwa karibu na Mozart katika mwaka wake wa mwisho. Süssmayr akaijaza mistari mitupu, akaumaliza wimbo wa machozi, akaandika Mtakatifu na Mwanakondoo, na mwisho akaurudisha muziki wa mwanzo wa Mozart uwe wimbo wa komunyo. Kisha ikatiwa sahihi ya Mozart kwenye ukurasa wa kwanza, na kando yake mwaka: 1792. Mtia sahihi alisahau kwamba marehemu hakuuona mwaka huo.

Twamhukumuje mjane huyu? Mafundisho ya Kanisa hayaruhusu uongo hata kwa nia njema, nasi hatutafuti mlango wa kupita nyuma yake. Lakini yeyote aliyewahi kukaa na mjane siku ya arobaini, wadai wakibisha hodi, hatakuwa mwepesi wa kuokota jiwe. Zaidi ya hayo, aliyedanganywa mwenyewe alikuwa amenunua ili adanganye. Tarehe 14 Desemba 1793 Walsegg aliiongoza Misa hiyo katika kanisa la Wiener Neustadt kama kazi yake mwenyewe.

Ambaye dhamiri yake yatushangaza ni Süssmayr. Mwezi Februari 1800, wachapaji Breitkopf & Härtel wa Leipzig walipokuwa katika kazi ya kuitoa Misa hiyo, aliwaandikia barua akaeleza lipi lilikuwa la Mozart na lipi lake. Alisema kwamba anawiwa mno na bwana wake hata hawezi kunyamaza, kazi yake hafifu ikipewa jina la mtu mkuu namna ile. Tazama ajabu hii: mkono uleule unaodhaniwa na wataalamu kuwa ndio ulioghushi sahihi, miaka minane baadaye ulishika kalamu kukiri. Kitabu kilitoka mwaka ule ule, nacho kilibeba jina moja tu, la Mozart. Süssmayr alifariki mwaka 1803, hajafikisha miaka 40.

Mwaka 1825 Gottfried Weber alipoandika hadharani kwamba sehemu kubwa ya Misa hiyo haina uhakika wa kuwa ya Mozart, alishambuliwa kama mtu aliyevunja sanamu kanisani. Hasira hiyo twaielewa. Watu walikuwa wamewalilia wafu wao kwa nyimbo zile. Iliimbwa katika mazishi ya Chopin mjini Paris mwaka 1849. Tena, tarehe 19 Januari 1964, katika kanisa kuu la Boston, kwenye Misa ya kumwombea Rais Kennedy. Je, machozi ya siku hizo yalikuwa ya bure kwa kuwa nota nyingine zilitoka kwa kijana asiyejulikana? Wako wasemao kwamba afadhali mambo haya yangeachwa yalale, kwa maana kumwambia mwenye kufarijika kwamba faraja yake ina kiraka ni ukatili.

Sisi hatukubali. Sala ya mtu haikuelekezwa kwa Mozart, ilielekezwa kwa Mungu, naye hakuwa na shaka ni nani aliyeandika kila nota. Lililopotea katika uficho huo si faraja ya waombaji. Kilichopotea ni jina la mtu. Kwa muda mrefu Süssmayr alipata lawama kwa kila kasoro na hakupata shukrani kwa lolote jema. Watu waliposikia pazuri walisema ni Mozart, waliposikia pabaya walisema ni yule mwanafunzi. Hilo ni dhuluma, ijapokuwa aliyedhulumiwa hana kaburi la kulilia na wala hakuacha ukoo wa kumdai.

Dawa yake ilianza kidogo kidogo. Mwaka 1827 mchapaji Johann Anton André alitoa kitabu chenye herufi mbili, M na S, zilizopandwa katikati ya nota ili kila mkono uonekane. Mwaka 1877 Johannes Brahms, naye mtunzi mkubwa, aliifuata njia hiyo alipoihariri Misa kwa ajili ya mkusanyo wa kazi zote za Mozart. Wazo hilo lastahili kukumbukwa: mtu aliyekwisha kutunga misa yake mwenyewe ya kuwafariji wafiwa aliketi akatenganisha nota za watu wawili waliokufa, asiongeze hata moja yake.

Kazi iliyo kamili zaidi ilitoka mwaka 1965, katika mkusanyo mpya uitwao Neue Mozart-Ausgabe, ulioanza kuchapwa miaka kumi kabla. Mhariri alikuwa Leopold Nowak. Yeye aliigawa Misa hiyo vitabu viwili. Katika cha kwanza yamo yale tu yaliyoandikwa na Mozart, na mahali alipoacha wazi karatasi imeachwa wazi. Katika cha pili yamo yaleyale pamoja na kazi ya Eybler na ya Süssmayr. Mkusanyo huo una kanuni moja ambayo kila mwenye kuandika angefaa kujifunza: lile linaloongezwa na mhariri huchapwa kwa sura nyingine. Nota zake huwa ndogo, maneno yake yamelala upande, na alama zake za kuunganisha hukatwakatwa. Mwimbaji akifungua ukurasa aona papo hapo ni nani asemaye. Tangu mwaka 2006 wenye kutaka waweza kuvisoma vitabu hivyo bila malipo kwa njia ya intaneti, kwa hisani ya taasisi ya Mozarteum ya Salzburg.

Ukifungua kile kitabu cha kwanza penye wimbo wa machozi, waona sauti nne zikipanda hatua kwa hatua, kisha kipimo cha nane, kisha weupe. Weupe ule ni habari ya kweli kuliko nota nyingi. Mhariri angeweza kuujaza. Ujuzi alikuwa nao. Alijizuia. Katika siku ambapo kila mtu ana hamu ya kuongeza neno lake juu ya la mwenziwe, kujizuia namna hiyo ni fadhila isiyosifiwa vya kutosha.

Lakini kuna watu waliotoka hapo wakapita mpaka upande mwingine. Baadhi ya waongozaji husimamisha muziki kwenye kipimo cha nane na kuwarudisha watu nyumbani kimya, kwamba zaidi ya hapo si Mozart. Katika ukumbi wa muziki jambo hilo lina maana yake, nasi hatuna ugomvi nalo. Kanisani halifai. Misa ya marehemu haiwezi kukosa Mtakatifu na Mwanakondoo kwa sababu mtunzi aliishiwa na uhai. Waliokuja kumwombea mtu wao hawakuja kuangalia makumbusho. Süssmayr alilijua hilo. Alikuwa na makosa ya ufundi, hata wimbo wake wa Hosana huimbwa mara ya pili kwa ufunguo tofauti na ule wa kwanza, jambo lisilo la kawaida. Lakini alihakikisha kwamba Misa yaweza kuimbwa hadi mwisho.

Wako pia wataalamu walioyarekebisha makosa hayo au kutunga upya sehemu zilizopungua: Franz Beyer mwaka 1971, Richard Maunder, Robert Levin na wengine. Je, wao wanamkosea marehemu? Twaona hapana, maadamu kila mmoja ametia jina lake kwenye jalada. Mwenye kumaliza kazi ya mwingine kwa jina lake mwenyewe huweka kichwa chake mbele ya watu wamhukumu. Anayejificha nyuma ya jina kubwa humtwika marehemu mzigo asioujua.

Na tusidhani kwamba haya ni mambo ya Vienna peke yake. Wengi wetu tumeshika karatasi za kwaya zilizonakiliwa kutoka nakala ya nakala, na kila mara ukingo umekatwa kidogo, hata jina la mtunzi limekwenda na maji. Baadaye mwalimu mmoja hubadilisha sauti ya tatu kwa kuwa waimbaji wake hawaiwezi, na mwingine huongeza shairi. Mwaka wa tano mtunzi akiingia kanisani kama mgeni husikia wimbo wake ukitangazwa kuwa ni wa zamani, hauna mwenyewe. Hakuna aliyekusudia kuiba. Lakini kalamu ya risasi na herufi mbili kando ya sauti iliyobadilishwa zingetosha, na hazina gharama.

Hati ya Mozart imehifadhiwa katika maktaba ya taifa mjini Vienna. Mwaka 1958 ilipelekwa Brussels kwenye maonyesho ya dunia. Huko mtu asiyejulikana aliupata ukurasa mmoja wa mwisho, akachana pembe ya chini na kuondoka nayo. Katika pembe ile mlikuwa na maneno machache tu ya mkono wa Mozart, akiagiza sehemu ya wimbo wa matoleo irudiwe. Kipande hicho hakijarudi hadi leo. Yaliyokuwamo twayajua, maana hati hiyo ilikuwa imepigwa picha na kuchapwa mwaka 1913 na mtu aliyetaka tu kwamba kila alama ionekane ilivyo.